Mwaka Nilioilinda Akili Yangu

Swali lililoninyima usingizi mwaka ule halikuwa kama nitapona. Lilikuwa hili: akili iliyorudi nyumbani kutoka hospitali ni ile ile niliyokwenda nayo, au kuna kipande kilichobaki barabarani kati ya Tunduma na Mbeya?

Najua linasikika kama swali la mtu asiye na kazi. Kweli sikuwa na kazi. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uchumi mwaka uliotangulia, nikarudi Tunduma kwa mama kusubiri ajira, na tangu utotoni mimi ni mtu wa kufunga mlango, kwenda hatua chache, kisha kurudi kuusukuma nione kama nimeufunga. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba ubongo wake ulikosa damu, umempa kazi ya kudumu.

Leo nina kovu chini ya kitovu, viganja vyangu vimerudi kuwa vyekundu, na napanda ngazi bila kusimama katikati. Ninaandika kwa ajili ya dada yeyote mwenye vivimbe kwenye kizazi ambaye ameambiwa anahitaji kupasuliwa na anaogopa kupoteza damu. Habari za ugonjwa wenyewe daktari wako atakueleza. Mimi nitakueleza habari za kusubiri.

Ilianza msimu wa mvua, Januari. Hedhi yangu ilikuwa nzito kwa muda mrefu, lakini nilikuwa nimejizoesha. Nilivaa nguo nyeusi, nilibeba kitambaa cha akiba kwenye mkoba, na mama akiuliza mbona nimepauka nilisema ni mawazo ya ajira. Asubuhi hiyo nilikuwa nimevuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kumsalimia shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye ana kibanda cha kuuza vitenge. Niliposimama kuaga nikahisi joto likishuka miguuni. Nikaangalia kigoda nilichokuwa nimekalia, nikaketi tena haraka ili shangazi asione. Akaona.

"Awe, mwana wandi," alisema kwa Kibemba chake cha sokoni. Hapana, mwanangu. Hakupiga kelele. Alichukua kitenge kipya kwenye rafu akanifunga. Kikaloa. Akachukua cha pili. Alipofika cha tatu mwenzake wa kibanda cha jirani akamwambia, "Hivyo ni vya kuuza," naye akajibu, "Na huyu nitamnunua wapi?"

Tukavuka mpaka kwa teksi. Kituo cha afya Tunduma wakanipa dripu, wakaniingiza kwenye gari la wagonjwa kwenda Mbeya. Mvua ilikuwa inapiga bati la gari. Pale Mpemba foleni ya malori ilikuwa imeziba barabara, na dereva akawa anatembeza gari pembeni kwenye matope huku king'ora kikilia. Muuguzi aliyenisindikiza aliitwa Sista Rehema. Nakumbuka mkono wake, ulikuwa wa moto sana, au mimi ndiye niliyekuwa wa baridi.

"Usilale, mdogo wangu. Jina lako nani?"

Nilijibu.

"Umetokea wapi?"

Nilijibu.

"Unajisikiaje?"

Nilijibu pia. Lakini nilijibu nini, hilo ndilo sikulikumbuka baadaye. Sauti zilikuwa zimeanza kwenda mbali, kama watu wanaoongea wakiwa ndani ya tangi la maji. Kioo cha dirisha kilipungua kikawa kidogo kama kitufe. Kisha nikasikia sauti ya Sista Rehema tena, safari hii tukiwa tumefika, na maneno hayo nayakumbuka neno kwa neno:

"Daktari, huyu anachanganya. Jina anataja lingine, alikotoka anakosea, mara anajibu lugha haieleweki. Ubongo haupati damu."

Wakaniwekea damu ya watu nisiowajua. Mwenyezi Mungu awalipe. Baada ya siku chache damu ilikatika kwa dawa, nikarudishwa nyumbani na vidonge vya chuma na maagizo: vivimbe lazima vitolewe, lakini kwanza mwili ujenge damu.

Kujenga damu ni kazi ya polepole kuliko kujenga nyumba. Mama alinipikia maini, matembele na juisi ya rozela mpaka harufu yake ikanichosha. Kinywa chenyewe kilikuwa kinataka kitu kimoja tu, udongo. Nilinunua pemba sokoni, ule udongo wa kutafuna, nikawa nauficha chini ya mto kama mama mjamzito. Kucha zangu zilikuwa zimebonyea katikati, tone la maji lingeweza kukaa juu yake. Nikilala kwa ubavu nilisikia moyo ukipiga ndani ya sikio. Kutoka chumbani hadi kisimani uani nilikuwa napumzika kwenye ndoo iliyopinduliwa, na jirani yetu, bila kuuliza, akawa anaiacha ndoo hiyo palepale kila asubuhi, imefutwa vumbi. Sikumshukuru kwa maneno mpaka miezi imepita. Fadhila za namna hii ndizo zilizonibeba.

Lakini mwili sikuuhangaikia. Nilihangaikia kichwa.

Nilianza kujipima. Nilijiuliza jedwali la kumi na saba. Nilijitajia kanuni za mahitaji na ugavi kwa mpangilio wa mwalimu. Nilitaja vituo vya barabara kuu kutoka nyumbani hadi Mbeya: Mpemba, Vwawa, Mlowo, Songwe, Mbalizi. Siku moja nikataja Mpemba, Vwawa, Songwe, Mbalizi, na nikajua kuna kimoja kimepungua, na hakikuja. Nilikaa kitandani nikitoka jasho. Mlowo ilikuja asubuhi nikiwa napiga mswaki, nami badala ya kufurahi nikafikiri: ndiyo, hivi ndivyo inavyoanza.

Kaka yangu Batoni alikuwa wakala mdogo wa mizigo pale mpakani. Ana mdomo.

"Msomi, hata mimi nasahau Mlowo, na sijawahi kuishiwa damu," alisema. "Mlowo yenyewe inajisahau."

"Wewe huelewi. Walisema ubongo haukupata damu."

"Ubongo wako ulikuwa unapata damu nyingi kupita kiasi. Sasa umepumzika kidogo. Shukuru."

Mama alicheka. Mimi nilikwenda chumbani nikafikiria kama zamani ningejibu haraka zaidi.

Mwezi Mei hospitali ya Mbeya ikanipangia siku ya upasuaji. Daktari aliniambia wazi kwamba vivimbe vilikuwa vikubwa na vimekaa mahali penye mishipa, kwa hiyo nitapoteza damu tena, japo wangejiandaa. Nilichosikia ni neno "tena". Kama mara ya kwanza imechukua Mlowo, mara ya pili itachukua nini? Siku ilipofika nikasema nina mafua. Mama aliniwekea kiganja shingoni, akakitoa.

"Mafua gani yasiyo na kamasi?"

"Yanaanza, mama."

"Nelia. Damu inatoka kila mwezi kama umekata bomba. Mimi nimezika mume. Sitaki kuzika na mtoto kwa sababu ya mafua."

Hatukusemeshana vizuri wiki nzima. Jioni moja Batoni akaniuliza, bila utani, "Unataka daktari akupe dhamana? Dhamana wanatoa wauza redio." Kisha akaenda zake. Hedhi iliyofuata nililala siku nzima juu ya turubai, na nilijua kabisa kwamba kutoamua nako ni kuamua.

Mwanzoni mwa kiangazi nilikwenda na mama kituo cha afya Tunduma kupima wingi wa damu. Benchi lilikuwa limejaa. Mtu ukikaa pale muda mrefu unajua kila mgonjwa amekuja na nini: huyu mtoto ana homa, yule mama wa Msangano ameletwa kwa pikipiki tangu alfajiri na bado ana vumbi kwenye nyusi. Mlango wa chumba cha vipimo ukafunguka, na aliyetoka alikuwa Sista Rehema.

"Nelia Simfukwe!" aliita, akinitafuta kwa macho.

Yule mama wa Msangano aliyekuwa kando yangu, ambaye tulikuwa tumeshajuana kwa koo zetu, akanigusa goti. "Namfukwe, unaitwa."

Sista akasimama. "Unaitwa nani?"

"Nelia," nilisema.

"Huyu mama amekuitaje?"

"Namfukwe."

Aliangalia cheti, akaniangalia mimi, akakaa kwenye ukingo wa benchi. "Ndilo jina ulilonitajia kwenye gari," alisema. "Kila nikikuuliza, Nelia Namfukwe, Nelia Namfukwe. Na kwenye karatasi imeandikwa Simfukwe. Nikasema, basi, binti hajijui."

Mama akaanza kucheka kabla sijaelewa. "Sista, kwani wewe mtu wa wapi?"

"Korogwe. Nilikuwa na wiki mbili tu hapa."

"Ndiyo maana. Kwetu sisi Wanamwanga mtoto wa kiume wa ukoo ni Simfukwe, wa kike ni Namfukwe. Shuleni waliandika la baba yake, wakaliacha hivyohivyo. Lakini huyu Simfukwe atakuwaje, ana ndevu?"

Benchi zima likacheka, hata mtoto mwenye homa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemshika Sista mkono wa koti.

"Na mahali? Nilikosea mahali?"

"Nilikuuliza umetokea wapi, ukasema Nakonde. Mimi nimekuchukua Tunduma, nawe unasema Zambia!"

"Nilitokea Nakonde. Damu ilianzia kwa shangazi."

"Na lugha je? Nakuuliza unajisikiaje, unanijibu 'bwino'."

"Bwino ni nzuri," mama alisema, akifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge. "Alikuwa ametoka kwa shangazi yake, huko ndivyo wanavyosalimiana. Kakujibu kwa heshima mtoto wa watu, damu inamwagika, bado anasema nzuri."

Sista Rehema alijipiga paji la uso. "Jamani. Mimi ndiye niliyekuwa nimechanganyikiwa." Akanishika mabega. "Nisamehe, mdogo wangu. Ila ujue, lile neno langu lilifanya ile damu ije mbio."

Ungetarajia nirudi nyumbani nikiruka. Mama aliruka. Alisimulia kwa Batoni, kwa jirani, kwa shangazi kwenye simu, na kila mara benchi liliongezeka watu. Mimi nililala chumbani mchana huo nikifikiri hivi: sawa, majibu yangu yote yalikuwa sahihi. Lakini kama muuguzi anaweza kusikia majibu sahihi na kuona ubongo umekosa damu, basi mwingine anaweza kusikia majibu sahihi na kuona uko salama, kumbe sivyo. Kwa hiyo hakuna aliyejua kilichotokea kichwani mwangu siku ile. Hata mimi.

Nilimweleza Batoni.

"Da Nelia," alisema, na ananiita hivyo akiwa amenihurumia tu, maana mimi ndiye mdogo, "umepewa habari njema ukaigeuza kuwa mtihani."

"Nitakwenda Mbeya," nikasema. "Nitawauliza wao wanajuaje."

Nikaenda, na mama. Baridi ya Mbeya mwezi wa saba inaingia kwenye mifupa ya mtu asiye na damu kama inarudi kwake. Kwenye kliniki tulikaa kwenye korido ndefu yenye upepo, na mwanamke tusiyemfahamu, naye akisubiri, akafungua shali lake akalitandaza juu ya magoti yetu watatu. Tulikaa hivyo mpaka mchana, kama watu wa nyumba moja. Vivimbe vyake yeye vilikuwa vimeshatolewa. Alikuja kuonyesha kovu. Nilimuuliza kama alisahau vitu baada ya upasuaji. Akafikiri kwa uaminifu. "Nilisahau maumivu," akasema. "Nayo si haraka."

Aliyeniona alikuwa daktari wa usingizi, mwanamke mfupi, wa sauti ya taratibu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliniuliza kama nina swali. Nilikuwa nimeandaa mengi, lakini likatoka moja.

"Daktari, mtajuaje kama ubongo wangu unapata damu?"

Aliacha kuandika. "Wengi huniuliza kama itauma."

"Hilo ni la pili."

Akatabasamu. Alichukua kibanio cha kidoleni akanibana nacho. "Hiki kinaniambia damu iliyofika kidoleni imebeba hewa ya kutosha. Lakini damu inaweza kuwa chache, na ile chache ikawa imebeba vizuri, kikaniambia mambo safi. Mkanda wa presha nao una udanganyifu wake. Mwili wa kijana ni kama mwenye nyumba anayewaficha wageni njaa. Anachemsha chai, anacheka nao, kumbe debe la unga ni tupu. Akianguka, anaanguka ghafla."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunaangalia vitu vingi kwa pamoja. Na mwezi huu tuna kingine." Kulikuwa na wageni, madaktari waliokuja kufundisha, na walikuwa na mashine ndogo ambayo hospitali ilikuwa inaijaribu kwa wagonjwa wanaotarajiwa kupoteza damu nyingi. Alinionyesha vibandiko viwili, laini kama plasta pana. "Vinakaa kwenye paji la uso, kushoto na kulia. Vinapitisha mwanga kwenye mfupa, unaingia, unarudi, na mashine inasoma hewa iliyomo kwenye damu ya hapo ndani."

Mama akainama kuangalia. "Inasoma na mawazo?"

"Haisomi, mama. Ingekuwa inasoma, kwa binti huyu ingeshaungua."

Nilitaka kujua namba nzuri ni ipi. Akasema swali hilo watu wote wenye shule huliuliza. "Sikulinganishi na mtu mwingine. Nachukua namba yako kabla hatujaanza, halafu nalinda isishuke sana kutoka hapo."

"Unaniahidi haitashuka?"

"Hapana. Nakuahidi ikishuka nitakuwa nimeiona, na nitajua la kufanya."

Sijui kwa nini "hapana" ile ilinituliza kuliko faraja zote za miezi sita. Tukapanga siku. Lakini nilitoa sharti langu: naomba nipigwe ganzi ya mgongoni tu, nisilazwe. Nilitaka kuwa macho. Nilitaka nijiangalie mwenyewe.

"Ganzi ya mgongoni inafaa," alisema. "Ikibidi kukulaza, tutaongea."

"Naomba isibidi."

Aliandika hilo kwenye faili langu.

Ndugu walitakiwa kuchangia damu. Shangazi alivuka mpaka na basi la kwanza, amevaa koti la mitumba la manyoya, akawasalimia wauguzi wote "mulishani" yaani hamjambo kwa Kibemba, hata wale waliomwamkia kwa shikamoo. Batoni alikuja pia, na hapo ndipo tulipojua kwamba kaka yangu, mtu anayegombana na madereva wa malori, anaogopa sindano. Alikaa kwenye kiti amefumba macho.

"Bado?" akauliza.

"Bado sijagusa mkono, kaka," mchukua damu alisema.

"Mbona nasikia kizunguzungu?"

"Hicho ni cha kwako mwenyewe."

Alipomaliza, midomo ilikuwa imepauka, wakampa soda na biskuti. Alikunywa, akanitazama. "Kumbe ndivyo unavyojisikia kila siku," alisema taratibu. Hakunitania tena hadi nilipotoka wodini.

Asubuhi ya upasuaji nilitembea kwa miguu yangu hadi mlango wa thieta, gauni limefungwa kwa nyuma na kamba mbili, mama akilishikilia lisifunguke kana kwamba dunia nzima ilikuwa inatazama. Ndani walinikalisha, nikainama kukumbatia mto, sindano ikaingia mgongoni, na muda si mrefu miguu yangu ikawa mali ya mtu mwingine. Wakatundika pazia kifuani. Daktari wa usingizi akanifuta paji kwa pamba ya baridi, akabandika vibandiko. Mashine ilikuwa upande wangu wa kushoto. Nikigeuza shingo kidogo niliiona.

"Ndiyo hiyo ya kwako," alisema. "Sitini na nne. Hapo ndipo nyumbani."

Kwa muda mrefu mambo yalikuwa ya utulivu. Muuguzi mmoja alikuwa anaimba pambio kwa kuguna. Nilisikia vyuma vikiwekwa kwenye sinia, na nilihisi kuvutwa, bila maumivu, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mkoba wangu. Daktari alikuwa ananiongelesha. Aliniuliza jina, nikamwambia nina mawili, nikamweleza habari ya Sista Rehema. Akacheka mpaka barakoa ikatikisika.

Kisha pambio likakatika. Mashine ya kunyonya ikaanza kulia ile sauti ya mtu anayemaliza soda kwa mrija. Daktari mpasuaji alisema jambo kwa sauti ya chini, na mikono ikaanza kwenda haraka upande ule wa pazia.

Nilifanya nilichozoea. Nilijipima. Kumi na saba mara sita, mia na mbili. Mara saba, mia na kumi na tisa. Mpemba, Vwawa, Mlowo, Songwe, Mbalizi. Vyote vilikuja, kimoja baada ya kingine, bila kukwama. Nikageuza shingo nione, nikitarajia mashine ikubaliane nami.

Hamsini na nane. Nikiwa naangalia, ikawa hamsini na sita. Kibanio cha kidoleni kilikuwa kinaonyesha mambo safi kabisa.

"Nelia, tumeanza kupoteza damu, nimeiona," daktari alisema kwa sauti ile ile. "Nainua miguu. Damu inaingia sasa hivi." Kitanda kikainama, kichwa kikashuka. Mfuko wa damu ukatundikwa, na mtu akawa anaubana kwa mikono miwili ili uende haraka. Hamsini na tano. Ikakaa hapo. Ikakaa. Kisha, taratibu kama mgonjwa anayejifunza kutembea, hamsini na saba. Hamsini na tisa.

Pale nikiwa nimelala kichwa chini, nililielewa jambo ambalo miezi yote sikulielewa. Nilikuwa bado najibu kila swali sawasawa, na namba ilikuwa imeshaanza kushuka. Ndani yangu sikuhisi chochote. Mlinzi niliyemwamini tangu Januari, akili yangu mwenyewe, niliyemkesheza na kumtesa kwa majedwali, ndiye aliyekuwa wa mwisho kupata habari. Daktari alijua kabla yangu. Alikuwa ameshainua miguu yangu wakati mimi bado niko Vwawa.

Daktari mpasuaji alitoa kichwa juu ya pazia. Nilimwona macho tu. "Kikubwa kimetoka," alisema. "Damu tumeidhibiti. Lakini kuna kingine nyuma, kimezama. Nikikiacha, atarudi hapa."

"Muda?" daktari wa usingizi aliuliza.

"Utarefuka."

Nilikuwa nimeanza kuhisi vidole vya miguu. Si maumivu bado, ila kama miguu inarudi kutoka safari. Daktari aliona jinsi nilivyokunja uso. Alisogea karibu akaniinamia, macho yake yakawa juu ya yangu, yamegeuka juu chini.

"Ganzi inaanza kwisha, Nelia. Naweza kukupa dawa ya maumivu tuendelee hivi, lakini utapata taabu, nao watapata taabu. Au nikulaze. Najua ulichoniomba. Ukisema hapana, wafunge sasa, kile cha nyuma tukiache, nitawaambia wafunge."

Niligeuka kutazama namba. Sitini. Nikamtazama yeye. Alikuwa haniangalii mimi tena, alikuwa anaangalia kule kule, kwenye mashine, na kidole chake kilikuwa kwenye mrija wa damu, na nikaona kwamba hata kabla ya kuniuliza hakuwa ameacha kuangalia.

"Utakuwa hapahapa?" niliuliza.

"Sitoki."

"Basi nilaze," nikasema. "Wakitoe."

Akaleta barakoa. Kabla haijagusa uso wangu nilikuwa nimeshafumba macho, na sikuhesabu chochote.